Kidude cha Nchi za Baridi

Kwa nini gari lichemke asubuhi yenye ubaridi, kwenye lami, na rejeta imejaa maji mpaka shingoni?

Mjomba aliniuliza swali hilo tukiwa tumesimama njiani kutoka Kang'ata kwenda Korogwe, mvuke ukifoka chini ya kiti cha dereva na madumu ya maziwa yakiwa nyuma yetu. Nilikuwa na shahada, sina kazi, na sikumwamini mtu yeyote.

Gari lilikuwa kipanya, basi dogo la abiria, kikuukuu kilichonizidi umri. Mjomba alikuwa amekitoa viti vya nyuma ili abebe maziwa ya wafugaji hadi kwenye kituo cha kuyapokea Korogwe. Kituo kilikuwa kimeshamkatalia maziwa mara mbili kwa kuwa yalichachia njiani. Msimamizi alimwambia mbele yangu, bila hata kuinuka kwenye kiti, kwamba yakiharibika tena kazi ile anapewa mwenye pikapu. Mjomba hakuwa na kazi nyingine.

Mama mmoja wa Kimasai, tuliyezoea kumwita yeyo, yaani mama kwa Kimasai, alikuwa amepanda nasi kulinda madumu yake. Alimtazama mjomba akimimina maji dumu la pili.

"Gari lako linakunywa kuliko ng'ombe wangu," alisema. "Na ng'ombe akishakunywa anatoa kitu."

Hakuna aliyecheka. Hata yeye mwenyewe hakuwa anatania.

Siku hiyo tuliponea chupuchupu, maziwa yakapokelewa. Kutoka kituoni tulienda moja kwa moja Kilole, kwa fundi aliyekuwa akilitengeneza gari lile miaka yote. Mjomba alimpa shikamoo. Yangu niliitoa kwa shida.

Fundi alilizunguka gari mara moja. "Hedi imekufa. Liacheni hapa wiki."

"Umejuaje?" nikauliza.

"Naiona."

"Unaionaje na hujaifungua?"

Wenzake waliokuwa chini ya lori wakachomoza vichwa. "Msomi huyo," mmoja akasema. "Mpisheni, atalipoza kwa cheti."

Wiki nzima bila gari maana yake ilikuwa pikapu. Nikamwambia mjomba asikubali. Injini ilipopoa nilifungua kifuniko cha rejeta, nikamtaka awashe. Kama gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya injini na kichwa chake, ingekuwa imeungua, moshi wa silinda ungepenya kwenye maji na kutoa mapovu. Tulikodoa macho mpaka shingo zikauma. Hakuna povu. Nikachomoa kijiti cha oili: safi, haina weupe wa maji. Injini ilipopata joto nikagusa mipira miwili ya rejeta. Wa juu ulinichoma. Wa chini ulikuwa vuguvugu tu.

"Maji hayapiti sawasawa," nikatangaza. "Rejeta imeziba."

"Basi izibue wewe, dada," fundi alisema, akanitupia spana miguuni.

Niliizibua. Niliishusha na mjomba, tukaiingizia mpira wa bomba, na maji yakatoka upande wa pili meupe vilevile kama yalivyoingia. Hakuna kutu, hakuna tope. Hapo ndipo nilipopaswa kuanza upya. Badala yake nilimtazama fundi kama mtu aliyeshinda kesi, kwa sababu kuhusu hedi nilikuwa sahihi na yeye alijua. Hakutuaga.

"Umemvunjia heshima mzee wa watu," mjomba aliniambia kwenye gari.

"Alitaka kukufungulia injini bure."

"Na wewe umenifungulia nini?"

Safari ya tatu baada ya hapo gari lilichemka tena, mahali palepale barabara inapoanza kupanda. Tulingoja lipoe huku jua likipanda. Kituoni msimamizi alifungua dumu la kwanza, akanusa, akafunga. Hakufungua la pili. Yeyo alimwaga maziwa yake kwenye mtaro mbele yetu, dumu baada ya dumu, taratibu, ili tuone. Wiki iliyofuata pikapu ilianza kwenda Kang'ata. Mjomba hakunilaumu kwa maneno. Aliacha tu kuniuliza chochote.

Nami nilimchukia fundi yule kwa muda mrefu, lakini si kwa kosa lake halisi. Mwanzoni mwa mwaka ule, mpira wa maji ulipopasuka, alibadilisha mpira na papo hapo akang'oa themostati, kidude kinachoyafungulia maji njia ya kwenda kwenye rejeta yakishapata moto. "Hiki kidude ni cha nchi za baridi," alisema. "Huku kwetu kinazuia maji tu." Magari yote ya uani pale yalikuwa yametolewa chao. Mimi niliyehoji kila kitu sikuhoji hilo, maana lilinielea: kinachozuia maji kikiondoka, maji yatapita zaidi. Nilikiomba, nikakisugua kikang'aa, nikakiweka dirishani kugandamiza nakala za vyeti vyangu zisipeperuke.

Miaka kadhaa baadaye, nikisoma mwongozo wa injini ile kwa shughuli nyingine kabisa, niliona mchoro wa kidude kile. Kina vibati viwili. Cha mbele kikifunguka kuyaruhusu maji yaende kwenye rejeta, cha nyuma huziba njia ya mkato inayoyarudisha yakiwa ya moto ndani ya injini. Ukikiondoa, njia ile ya mkato hubaki wazi muda wote, na maji mengi ya moto huzunguka humo bila kupita kwenye rejeta yakapoe.