Mvua za Shangazi na Faili la Mipangilio

Shangazi aliyenilea hapa Mtae amekuwa akipima mvua kwa kopo na rula tangu sijaanza shule, na kila asubuhi aliandika kwenye daftari. Nilipojifunza kompyuta niliziingiza kumbukumbu hizo zote kwenye hifadhidata, nikajiona mtu wa maana. Madaftari yakaishia jikoni, kuwashia moto. Nakala nyingine sikuweka, na usiniulize kwa nini.

Mwaka huu nilirekebisha kosa dogo kwenye mfumo huria wa kutengenezea tovuti, ambao yeyote anaruhusiwa kuuboresha. Kabla ya kutuma kazi yangu kwa wenye mfumo, ilinibidi niendeshe majaribio yao yote, nayo yanahitaji hifadhidata. Nikafungua faili la mipangilio, nikajaza jina la hifadhidata, mtumiaji na nywila. Kompyuta ikagoma: nywila si sahihi. Nikarekebisha. Ikagoma tena: mtumiaji hana ruhusa ya kuunda hifadhidata. Nikampa ruhusa zote, kwa hasira. Mimi sina subira, na siku hiyo hata ile chembe niliyo nayo ilikuwa imeisha.

Mara ya tatu likatokea swali la Kiingereza. Nikaandika "yes" bila kusoma. Kabla sijabonyeza, shangazi akaingia sebuleni na kikapu cha mapeasi.

Kwetu mkubwa hasalimiwi ukiwa umekaa. Nikasimama.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umenuna? Hicho kitu kinakwambiaje?"

Ilibidi nimsomee kwa Kiswahili. "Kinasema hifadhidata ya majaribio iitwayo test_mvua ipo tayari. Kinauliza kama..." Nikarudia kusoma, polepole. "Kama nataka kuifuta."

Mfumo ule huunda hifadhidata yake kwa kuongeza "test_" mwanzoni mwa jina uliloandika, na ukikubali, hufuta kwanza ya zamani. Mimi niliandika "mvua". Na test_mvua ndilo jina nililozipa mvua za shangazi nilipokuwa bado najifunza, nikasahau kulibadilisha.

"Ni mvua zangu hizo?"

"Ni zako, shangazi. Zote. Nilibakiza kubonyeza tu, zifutike."

Nikafuta "yes", nikaandika "no". Nikatengeneza nakala mbili, nikabadili jina kwenye mipangilio, nikaendesha upya. Majaribio yakapita yote. Shangazi alikuwa bado amekaa pale, anamenya peasi. Hakunigombeza. Ningekuwa mimi, ningegomba.

"Basi nitafutie siku uliyoletwa kwangu," akasema, akanitajia mwezi na mwaka.

Nikaitafuta. "Milimita kumi na nne," nikasoma. Kando ya namba kulikuwa na maneno yake, niliyoyanakili kwa mikono yangu mwenyewe, haraka haraka, bila kuyasoma: Mtoto amefika. Amelowa. Amekula, amelala.

"Asante, shangazi," nikasema. Nilikuwa sijawahi kumwambia.