Pistoni za Injini ya Ndege

Wazazi wetu walipofariki, niliacha shule nikiwa darasa la tano, nikamlea mdogo wangu Skola kwa ufundi wa magari pale mtaa wa Majengo. Mambo yalipokuwa ruksa na bidhaa za nje zikaanza kuingia, mwalimu mstaafu wa mtaa wa Izia aliniletea injini ya gari la Kijapani. Alikuwa akijiundia ndege nyuma ya nyumba yake, akataka niirekebishe izungushe pangaboi.

"Aina hii unaijua?"

"Nimefunga nyingi," nikamdanganya.

Nilipoifungua sikukuta pistoni hata moja. Kulikuwa na chuma cha pembetatu tu. Ufunguo wa stoo ilimolala injini alikuwa nao Deus, msaidizi wangu na mchumba wa Skola, na siku hiyo hiyo wazee wake walikuwa wamefika kwangu kutoka Namanyere kuposa. Niliwakuta wamemiminiwa chai, Deus akiwa nao.

"Mwanenu ni mwizi," nikawaambia. "Ameuza pistoni."

"Shemeji, tuongee pembeni," Deus akasema.

"Ongea hapa hapa!"

Nami, kwa kiburi, nikamwita mwalimu aje aone hasara yake.

"Pistoni zipi, fundi?" akashangaa. "Injini hii haina pistoni tangu kiwandani. Hiyo pembetatu ndiyo huzunguka, ndiyo maana ni nyepesi. Mbona Deus nilimweleza?"

Baba yake Deus akamgeukia. "Ulijua?"

"Nilijua, baba. Sikutaka kumwaibisha shemeji mbele yenu."

Wazee wakainuka kuondoka, posa haikutajwa tena. Skola hakuniangalia; alianza kukusanya vikombe, vyote vikiwa vimejaa.