Kilio cha Kasungami kwa Mama wa Ubelgiji

Moshi wa kuni ukinikuta njiani hapa Lubumbashi, napunguza mwendo hata kabla sijafikiri. Sisi tunapika kwa makaa. Ukiona magogo yanawaka uani kwa mtu mchana kweupe, ujue hapo kuna kilio. Basi unashusha sauti, unafunga kikwembe chako vizuri, unaingia kutoa pole hata kama humjui aliyekufa. Nimeingia katika vilio vingi, vingine vya watu niliowapenda mno. Lakini harufu ile ikinipata, wa kwanza kunijia moyoni ni mama mzee mmoja wa Ubelgiji ambaye sikuwahi kumwona akiwa hai.

Nilikuwa bado primaire, shule ya msingi, meno ya mbele yameng'oka. Parokia yetu ya Kasungami, hapa hapa Lubumbashi, ilikuwa na undugu na parokia moja ya huko Ubelgiji, undugu ambao wakubwa waliuita jumelage. Mabati ya kanisa yalitoka kwa jumelage. Cherehani za akina mama, jumelage. Mvua ikipiga wakati wa misa nasi tusilowe, tulimshukuru Mungu kwanza, halafu jumelage.

Mwaka huo wakamtuma mtu wao, mwanamke wa makamo aliyeitwa Hilde, aje aone tunaishi vipi. Alifikia kwetu kwa kuwa mama yangu alikuwa kiongozi wa shirika, ile jumuiya ndogo ya Wakristu wa mtaa wetu, na pia, nisiwafiche, kwa kuwa mama yangu asingekubali mgeni huyo alale kwa mtu mwingine. Mama alikuwa hivyo. Hilde aliongea Kiswahili cha vitabuni, kilichonyooka kuliko chetu, tukamcheka naye akacheka. Alikula bukari, ugali wetu, kwa mkono ikiwa ya moto, akaungua vidole, akaendelea kumega. Nilimpenda. Kila alipokwenda aliuliza, "Mnahitaji nini?" na akina mama, kwa adabu zao zote, wakamjibu kisima, dawa, madawati.

Asubuhi moja simu yake ililia tukiwa tunakunywa chai. Alisikiliza amesimama, akasema maneno machache ya kwao, akaingia chumbani na kufunga mlango. Baadaye alifungua kidogo akamwambia mama: mama yake amefariki. Ndege ya kwanza yenye nafasi ingeondoka baada ya maziko. Kule alikobaki mama yake kulikuwa na kaka yake peke yake, na mazishi yangefanyika bila binti. Kisha akafunga mlango tena.

Baba, mtu wa reli, mpole kupita kiasi, alisema, "Mumuache. Bazungu banapendaka kulia bo peke yabo."

"Mama yake amekufa, na weye unasema tumuache?" Mama alishika kiuno. "Siku mama yako alikufa, nani alikuacha?"

Baba alivaa viatu. Alitoka kutafuta magogo.

Habari ilizunguka mtaa mzima kabla chai haijapoa. Baadhi ya akina mama waliingiwa na hofu. Je, mgeni akiona tumemwingilia? Akirudi kwao na hasira, jumelage ikafa, tutawaambia nini watu? Mama aliwatazama mmoja mmoja. "Akikasirika, akasirike bantu iko pembeni yake."

Viti vikatolewa nje, mikeka ikatandikwa. Moto ukawashwa, wanaume wakauzunguka. Wanawake walikuja na unga, na sombe, majani ya muhogo, na watoto mgongoni. Mama akagonga mlango wa Hilde na kuingia bila kungoja. Nilimfuata nyuma, nimeshika kikwembe chake.

"Asante, Mama," Hilde alisema polepole, macho makavu kabisa. "Nataka kuwa peke yangu."

"Ndiyo," Mama akamjibu, na akaketi sakafuni pale pale, kando ya kitanda. Wengine wakaingia, nao wakaketi. Mimi nilitamani kufa kwa aibu. Halafu Mama akapaza sauti, "Mama ee! Mama ee!" kilio chenyewe kabisa, cha kumlilia mama yake mwenyewe aliyezikwa zamani huko kaskazini, na wengine wakapokea, kila mmoja na wa kwake. Hilde aliuma midomo. Akavumilia, akavumilia. Mwishowe aliteleza kutoka kitandani mpaka sakafuni, akalia kwa sauti kubwa kama mtoto, na mikono ya akina mama ikampokea.

Tangu hapo hakujifungia tena. Aliulizwa mama yake alikuwa nani, alipenda nini, alikuwa mkali au la. Mkali sana, alisema, na kwa mara ya kwanza akatabasamu.

Siku ya maziko kaka yake alipiga simu ya video. Hilde aliisimamisha simu juu ya kigoda, tukasongamana mbele yake. Tuliona kanisa la mawe, kubwa, zuri ajabu, jeneza mbele, na vichwa vichache vyeupe kwenye mabenchi ya kwanza. Mabenchi mengine yote yalikuwa matupu.

"Bantu iko wapi?" mtu alinong'ona.

"Hao ndio wote," Hilde akajibu. "Wengine wamekufa. Watoto wao hawaji tena."

Jamani, nilishangaa! Mimi nilidhani makanisa ya huko yamejaa mpaka watu wanakaa nje, ndiyo maana yanabakiza mabati ya kutupa sisi. Mama hakuuliza ruhusa kwa mtu. Alianzisha wimbo wa maziko, wa kwetu, wa kuvuta taratibu, na nyumba nzima ikaitikia, wanaume wa kwenye moto nao. Kule, vichwa vyeupe viligeuka. Yule kaka aliinuka na simu mkononi, akaisogeza kwenye mikrofoni, na jeneza likatoka kanisani likisindikizwa na Kasungami.

Kisha uso wake ukaja karibu, umelowa machozi, akasema jambo.

"Anauliza ninyi ni nani," Hilde akatafsiri.

"Mwambie siye njo bandugu ya ule mama," Mama akajibu.

Niliduwaa: ati sisi ndio ndugu wa marehemu! Uongo mtupu, na mbele ya maiti! Jumapili nilimtazama Mama akienda kukomunika bila kuungama, nikamwombea kwa nguvu zangu zote, nikiogopa atakufa na dhambi ile.

Siku hizi nawasikia wenye elimu wakijadili utume mpya wa Kanisa, nani amtume nani, nani ampe nani nini. Nawasikiliza kwa heshima. Lakini ilinichukua miaka kuelewa kwamba Mama hakudanganya. Mtu alikuwa anamzika mama yake karibu peke yake, akauliza swali, akajibiwa ukweli. Siku ile wafiwa tulikuwa wengi.