Ngozi ya Ng'ombe na Boksi la Glopu

"Hapana, Ghati. Serikali kuwadhamini siyo kwamba serikali ndiyo iliyokopa. Mliokopa ni nyinyi."

Bibi alinijibu hivyo leo, hapa kwake Nyamwaga, wala hakuacha kupukuchua mahindi. Nilikuwa nimemweleza yote. Duka letu la ushirika pale Tarime mjini, la waya, swichi na glopu, lilianza kwa mkopo wa benki, wilaya ikatudhamini. Sasa lori lililobeba mzigo wetu limeteleza likaingia mtaroni, glopu zote walizotuagiza watu wa misheni zimevunjika. Chacha, mwenyekiti wetu, anasema tunyamaze. Tukisema, wilaya itaondoa dhamana na duka litafungwa. Tukinyamaza, benki ikidai, si serikali ipo?

Mimi nilitaka ndiyo au hapana tu: tukaseme? Bibi akaanza habari za ng'ombe! Nusura niondoke.

"Kaa, mwanangu. Nilikuwa msichana, sijaolewa bado. Rafiki wa baba, mzee wa Kisaka, aliweka ng'ombe wake kwetu. Unajua desturi: unamchunga, maziwa unakunywa wewe, ndama ni wa mwenyewe. Asubuhi moja tukamkuta amekufa malishoni. Nikasema, baba, tusubiri, mwenyewe yuko mbali, atajuaje? Wee! Alinigeukia! 'Unataka nimpelekee ngozi iliyooza, aseme nimemla ng'ombe wake?' Tukamchuna siku ileile. Ngozi tukaibeba kwa kupokezana, mbichi hivyohivyo, nzi wanatufuata mpaka Kisaka."

"Na harufu, bibi?"

"Harufu! Kulikuwa na kijana mmoja ananitaka. Tulikutana naye njiani, akanusa, akakumbuka ana kazi kwao." Akacheka mpaka gunzi likamdondoka.

"Yule mzee akaikunjua ngozi, akatafuta masikio, akaiona alama yake. Angeweza kudai alipwe ng'ombe wake. Halafu akamwambia baba, 'Ungekuja bila hii ngozi, tungegombana mpaka wajukuu. Nenda zizini, chagua mtamba mwingine.' Tulirudi tunaswaga ng'ombe, mwanangu. Niliimba njia nzima."

Nikakumbuka boksi tulilokusanyia glopu zilizovunjika. Vigae vya glopu bado viko stoo; Chacha alitaka tukavitupe shimoni.

"Sasa sikia. Mtu akikuamini na mali yake, habari ya hasara aisikie kwako kwanza, tena mapema, na mabaki ayaone. Anaweza kukasirika, lakini hatakuita mwizi. Na msijifiche nyuma ya serikali. Ikiwalipia nyinyi, kesho vijana wengine, kama wale wa kijiji cha Matongo, wakienda kuomba dhamana wataambiwa nini? Nenda. Mungu akupe maneno, amlainishe moyo huyo afisa ushirika wa wilaya, na duka lenu lisikose wateja." Akanitemea mate kidogo kifuani kunibariki, kama alivyofanya nilipokwenda sekondari.

Jamani, nimepumua! Tangu lile lori lianguke nilikuwa naacha chakula sahanini. Leo nimekula ugali wa bibi nikaongeza. Afisa anaweza kutufokea, sawa, afoke. Sitaishi tena nikisikiliza mlango wa duka, nikidhani benki wamekuja.

Kesho alfajiri napanda basi la kwanza. Chacha nitampitia kwao. Akikataa, boksi si zito, nitalibeba mwenyewe mpaka kwa afisa ushirika, nimwonyeshe vile vigae kabla hajaniuliza kitu.