Redio Haina Ugonjwa

Mke wangu alikuwa fundi cherehani. Alishonea sebuleni, miaka yote. Vitambaa vilijaa mpaka dirishani, mgeni akitaka kiti anakitafuta kwa kupapasa. Watu walimwita Mama Pindo, maana hakukupa nguo yako mpaka ameukagua upindo mara ya pili.

Hatukusoma, mimi na yeye. Hizi herufi nimejifunza uzeeni. Binti yetu alipoolewa mbali, badala ya barua tulimpelekea kaseti. Mama Pindo alibonyeza kitufe cha kurekodi, akaongea huku mguu uko kwenye cherehani.

Kaseti moja haikutumwa. Simu za mkononi ziliingia, ikabaki kabatini. Tangu nimzike, sina sauti yake nyingine.

Humo anasema, "Mwanangu, baba yako yuko hapa anakoroma. Ukimuuliza atakwambia anafikiri."

Baada ya msiba binti alibaki kunitazama. Aliniona nashika vitambaa na kulia. Nilipokwenda kupumzika kwa dada yangu, akatoa kila kitu: mapazia, zulia, makochi, marobota yote ya vitambaa. Akapaka kuta rangi ya mafuta, akaweka marumaru chini.

"Baba, upate kupumua," akaniambia.

Nikamshukuru. Alifanya kwa mapenzi.

Aliporudi kwa mumewe, nikaweka kaseti. Iliyotoka haikuwa sauti ya mke wangu. Ilikuwa kali, kama bati linaburuzwa kwenye saruji. Alipocheka nilishtuka, nikazima.

Nikasema labda redio imechafuka, pale kaseti inaposomewa. Nikasugua kwa pamba na spiriti. Vilevile. Nikahamisha spika ya kulia kwenye waya wa kushoto. Kama imekufa, ubaya utahama nayo. Haukuhama. Nikapunguza trebo, ile sauti nyembamba, mpaka mwisho. Akaongea kama mtu aliyejifunika blanketi, na ule ukali bado uko nyuma yake.

Kilichonitisha ni kingine. Nikifumba macho nimkumbuke, inakuja sauti mbaya. Ile ya kweli ilikuwa inaondoka. Kila nikiijaribu redio, najiibia mwenyewe. Na kuacha siwezi.

Nikabeba redio na spika zake kwa fundi. Anafanya kazi chumba kimoja na mtengeneza makochi, sponji na vitambaa mpaka darini.

"Shikamoo, mzee. Hii redio si ilitakiwa iwe imestaafu?"

"Marahaba. Hata mimi. Iwashe."

Akaiwasha. Mke wangu akaongea. Yeye mwenyewe, na uzito wake ule wa kooni. Nikashika meza. Mtengeneza makochi akaweka nyundo chini. Alipofika pa kukoroma, wakacheka wote wawili.

"Redio haina ugonjwa, mzee," fundi akasema. "Na mama anakujua vizuri."

Nikarudi nyumbani karibu mbio. Nikaweka kaseti. Bati kwenye saruji.

Nikaibeba tena. Fundi aliponiona mlangoni akaacha utani.

"Mzee, kwani nyumbani kwako kuna nini?"

"Hakuna kitu."

"Hakuna kitu kabisa?"

Nikamweleza. Akatazama sponji za mwenzake.

"Basi ni hicho. Sauti inagonga ukuta mtupu, inarudi kuipanda nyingine. Vile vitambaa vilikuwa vinaimeza."

Nikampigia binti.

"Vitambaa vya mama yako viko wapi?"

"Niligawa, baba. Vingine nilichoma. Kwa nini?"

"Basi."

"Baba, kuna nini?"

"Nimeuliza tu."

Nikaegemeza godoro ukutani. Nikatundika makoti, blanketi, shuka. Nikaomba magunia kwa jirani mwenye duka, nikayatandaza juu ya marumaru. Hakuuliza ya nini. Alinitazama kama watu wanavyonitazama siku hizi.

Sauti ikalegea. Ikawa karibu yake. Lakini nilishaisikia ile mbaya mara nyingi mno. Sikujua tena kama hii ndiyo.

Binti akaja. Akasimama mlangoni, anatazama makoti ukutani. Nikaweka kaseti.

"Mama yako alikuwa hivi?"

"Ndiyo, baba. Hivi hivi."

Alijibu haraka, kama anavyojibiwa mgonjwa.

"Sikiliza kwanza."

"Nimesikia, baba."

"Hujasikia. Wewe una masikio ya ujana. Niambie ukweli, alikuwa hivi?"

Machozi yalikuwa yanamtoka. Akasema hajui. Akasema kwake mama ni mama tu, hata sauti ingekuwaje. Kisha akaniuliza nalala wapi, ikiwa godoro liko ukutani.

Nikamwambia asogee, ameziba spika.