Bibi Kiti, Mwanamke Anayelipwa Kunyamaza

Ni saa mbili unusu asubuhi, na vita vimeshaanza. Ndoo nyekundu ni moja, wanaoitaka ni wawili, na kila mmoja ameshika upande wake wa mpini, anavuta kama anayevuta ng'ombe asiyetaka kuogeshwa.

Mwalimu wa chekechea yuko ng'ambo ya chumba, anamfunga mtoto kamba za viatu. Hajaona. Aliyeona ni mwanamke wa makamo aliyeketi kwenye kiti cha plastiki karibu na dirisha, gauni la kijivu, ubao wa kuandikia mapajani. Ameona kila kitu na hafanyi lolote.

Hainuki. Hasemi "acheni." Ndoo inanyakuliwa, aliyenyang'anywa anaangua kilio, na yeye anainamisha kichwa, anatia alama moja kwenye karatasi, kisha anainua macho tena.

Mgeni angesema huyu mama ana roho ngumu. Kumbe ndiyo kazi yake, na humo kifuani anatokota kama sufuria iliyofunikwa.

Watoto wanamwita Bibi Kiti, maana humkuta kitini na humwacha kitini. Mtaani kwake wanamwita Redio. Ukiyaweka majina hayo mawili pamoja utaelewa kwa nini mtaa mzima ulicheka uliposikia kwamba amepata ajira ya kukaa kimya.

"Wifi yangu aliniuliza kama wamenibandika plasta mdomoni," anasema wakati wa mapumziko, nje ya geti, ambako maneno humtoka kama maji ya bomba lililopasuka. "Nikamwambia hapana, wifi, wananilipa. Kwa hela hata mimi nanyamaza."

Kazi yenyewe ni ya utafiti wa saikolojia. Chuo kimoja kinataka kujua watoto wadogo wakishagombana hupatanaje bila mkubwa kuwasukuma. Hilo huwezi kumwuliza mtoto wa miaka minne. Atakujibu habari za paka wa jirani. Wala huwezi kumwita ofisini ukamgombanisha na mwenzake kwa makusudi. Inabidi umfuate pale anapoishi maisha yake, ukae, utulie, utazame, mpaka asahau kwamba upo.

Watazamaji ni wawili kwa kila chumba. Kwenye kona ya mlango anakaa mwanamume aliyestaafu kazi ya mabasi ya safari ndefu, ambaye mpaka leo anaitwa Kondakta. Wanatazama watoto walewale kwa wakati uleule, kila mmoja na karatasi yake, na ni marufuku kunong'onezana. Kila Ijumaa karatasi hizo hulinganishwa. Zikikubaliana, utafiti unaaminika. Zikipishana, kuna mtu anaota mchana.

Na hapo ndipo penye roho ya mama huyu. Mwakani watoto wanaingia darasa la kwanza, na watazamaji watakaobakizwa watawafuata huko kwa miaka mitatu. Anayeshindwa kukubaliana na mwenzake anaaga. Bibi Kiti anaitaka nafasi hiyo kuliko anavyopenda kuonyesha.

"Posho ya wiki moja hapa inashinda mwezi mbaya wa cherehani," anasema. "Lakini usidhani ni hela tu. Nataka kuwaona wanavyoishia."

Alikuwa fundi cherehani kwa zaidi ya miaka ishirini, mpaka macho ya karibu yakamgomea. Uzi na tundu la sindano vikawa vinapishana kama watu walionuniana. Macho ya mbali yalibaki makali: angeweza kukutajia nani anashuka mlima kule mwisho wa barabara na amebeba nini, ila kifungo kilicho mkononi mwake hakioni. Alikuja chekechea hii kuleta aproni za watoto, akakuta tangazo getini.

Siku ya usaili alionyeshwa video ya watoto wawili mchangani, akaambiwa aeleze alichokiona. Akaeleza bila kusita: yule mkorofi kamsukuma mwenzake kwa wivu. Mkuu wa utafiti, mwanamke ambaye angeweza kuwa binti yake na ambaye wote humwita Daktari, akamwuliza huo wivu ameuona wapi. Video ikarudishwa nyuma. Akaona kiganja, akaona bega, akaona mtoto aliyekaa kitako mchangani. Wivu hakuuona.

"Nikajua kwamba maisha yangu yote nilikuwa natazama kwa mdomo," anasema.

Walimpa nafasi ya kujaribu. Somo la kwanza lilikuwa hilohilo: andika mkono ulichofanya, moyo mwachie mwenyewe. La pili lilikuwa kukaa kimya, na hilo alilifanyia mazoezi nyumbani.

Mumewe ni fundi viatu, mtu mpole aliyezoea kugonga nyundo huku redio yake ya ndani ikisoma habari za mtaa tangu chai hadi usiku. Siku ya kwanza ya kimya alidhani mkewe anaumwa. Siku ya pili alianza kujichunguza amekosa nini, akaja na sukari na sabuni ya harufu nzuri bila kuulizwa. Siku ya tatu akamwita dada yake mkubwa aje kusuluhisha.

Wifi mtu akaja, akakaa, akakohoa kama wanavyokohoa wasuluhishi, akamwomba wifiye ataje shida yake bila woga. Bibi Kiti akampa ishara ya kidole angoje, akatazama saa ya ukutani mpaka muda wake wa mazoezi ukaisha, ndipo akaongea. Aliongea mpaka chakula cha jioni kikapoa.

"Nilifurahi kuliko siku ya harusi," anasema mumewe, msumari ukiwa bado katikati ya midomo. "Na ile sabuni hajairudisha."

Watoto nao walichukua muda kumzoea. Wiki za mwanzo hazikuhesabiwa kabisa, kwa kuwa hawakuwa wakicheza, walikuwa wakimtazama yeye. Walimletea mawe, wakamwonyesha meno yaliyolegea, mmoja akamwimbia. Kanuni ilikuwa ni kuinamisha macho taratibu na kurudi kwenye karatasi. Hakuna kucheka, hakuna kujibu. Kama kuna hatari ya kweli, ainue mkono mwalimu amwone, basi. Watoto wakahitimisha kwamba hajui kuongea, wakamwacha.

Halafu kuna yule mvulana ambaye wenzake wamempachika jina la Kifaru, kwa sababu salamu yake ni kichwa: anainama, anakuja mbio, anakugonga tumboni. Asubuhi moja yenye joto Kifaru alivua sweta, akatafuta pa kulitundika, akakuta misumari yote ukutani imejaa. Akaenda moja kwa moja kwa Bibi Kiti, akalitundika begani kwake, akaendelea na safari zake.

Kwa mtazamaji hiyo ni kama shahada. Maana yake umekuwa sehemu ya chumba. Kondakta, kule kwenye kona, aliuma kalamu asicheke. Bibi Kiti alikaa na lile sweta dogo begani mpaka saa ya uji, hajagutuka. Kosa ni kwamba tangu siku hiyo Kifaru alimkaa moyoni.

Hakulijua hilo. Lililojulikana ni kwamba Ijumaa zikaanza kuharibika. Karatasi zao zilikubaliana kwa watoto wote isipokuwa mmoja. Kifaru akiinamisha kichwa, mmoja anaandika mchezo, mwingine anaandika ugomvi, na kanuni ni ileile waliyofundishwa wote: kusukumana ni mchezo ikiwa aliyesukumwa anarudi mwenyewe na uso wake umelegea, ni ugomvi akiondoka, akijikinga au akilia.

Daktari hakusema nani amekosea. Aliwaketisha wote wawili kwenye stoo ya chekechea, katikati ya mikeka na mipira iliyokwisha upepo, akafungua kompyuta yenye video za darasa.

Mambo hayakwenda vizuri. Kondakta alisema, kwa upole wa mtu anayedai tiketi, kwamba hata kama dada angekuwa nyanya wa damu wa huyo mtoto asingemtetea hivyo. Bibi Kiti akajibu kwamba kaka bado yumo ndani ya basi, anatafuta asiyelipa nauli.

Daktari aliwaacha wamalize. Kisha akarudisha video nyuma, akaondoa sauti, akaicheza polepole.

Kifaru anainama. Anamgonga sikioni msichana mwenye nywele za kusuka. Msichana anayumba, anaweka kiganja sikioni, anageuka, anaondoka. Harudi. Bibi Kiti aliitazama mara moja, akaomba airudie. Siku ile mkono wake ulikuwa umeandika mchezo.

"Sikumwona yule binti," anasema, na kwa mara ya kwanza sauti inashuka. "Niliangalia uso wa Kifaru tu, nikaona anatabasamu, nikatosheka. Mtoto wa watu ameshika sikio, mimi simwoni."

Kipande kilichofuata kilikuwa cha Kondakta. Kifaru anainama, mwenzake anakimbia huku akicheka, anazunguka meza, anarudi mwenyewe kugongwa tena. Kondakta alikuwa ameandika ugomvi. Alijikuna kidevu kwa muda.

"Hapa nilimwonea," akasema.

Hakuna aliyemwomba mwenzake msamaha. Waliachana hivyo hivyo, kila mtu na njia yake. Jumatatu asubuhi Bibi Kiti alikuwa amesimama getini akingoja lifunguliwe, Kondakta akaja akasimama kando yake, karibu kuliko kawaida, macho barabarani, akanyoosha mkono wenye karanga kwenye karatasi. Bibi Kiti akachota. Wakatafuna.

Ndivyo wanavyofanya watoto. Utafiti wenyewe unaanza kuonyesha hivyo: wengi hawasemi samahani mpaka mkubwa awalazimishe, bali husogea karibu na kitu mkononi, jani, kijiti, kipande cha biskuti kilicholowa mate.

"Tulijitazama tukacheka mpaka mlinzi akauliza kuna nini," anasema Kondakta. "Wazee wazima tumeingia kwenye utafiti wetu wenyewe."

Ulibaki mtihani wa kuona kama sasa wanakubaliana. Waliwekewa video za watoto wa shule nyingine kabisa, wasiowajua, kila mmoja na chumba chake. Majibu yalipolinganishwa yalikubaliana karibu kila mahali. Kondakta akapiga meza kofi la furaha. Daktari akachukua kalamu kuandika majina ya watakaoendelea.

Hapo Bibi Kiti angeweza kunyamaza. Kunyamaza ndiyo kazi aliyofundishwa, na safari hii kungempa miaka mitatu ya kazi. Mbele yake kulikuwa na mtihani aliofaulu kwa haki. Lakini alijua Kifaru hayumo kwenye zile video, na alijua Jumatatu atakuwemo chumbani.

"Daktari, mwanangu," akasema, "mtihani nimeufaulu kwa watoto wa watu. Kwa huyu wangu ningefeli tena. Najua kanuni, naijua vizuri, na mkono bado ungeandika mchezo. Kama ni kuniondoa, niondoe."

Kondakta alimkanyaga mguu chini ya meza. Alikuwa amechelewa.

Daktari aliweka kalamu chini, akafikiri. Aliamua kwamba alama za wiki zile zilizomhusu Kifaru zitarudiwa kutoka kwenye video na mtu mwingine. Aliamua pia kwamba mama huyu atabadilishana kiti na mtazamaji wa chumba kingine cha chekechea, upande wa pili wa ukuta, watoto wa umri uleule, nao wanaingia darasa la kwanza mwakani. Nafasi yake ipo. Kiti tu ndicho kinachohama.

"Jicho linalopenda si kosa la jinai," anasema Daktari. "Kosa ni kutojua linaegemea wapi. Yeye alijua, akasema kabla sijamwuliza. Nikimwacha aende nitampata wapi mwingine?"

Bibi Kiti alishukuru, akasimama, akafika mlangoni, akarudi. Kuna jambo lilikuwa limemfikia kwa kuchelewa. Akauliza: ikiwa hamtazami tena yule mtoto, je, anaruhusiwa kumsalimia?

Daktari akacheka. Akasema getini, baada ya kazi, na asiwe amevaa gauni la kijivu la kazini.

Leo ni siku ya kwanza katika kiti kipya. Watoto wa darasa hili bado wanamkodolea macho. Mmoja amemletea kiatu chake kimoja na kusubiri kuona atakifanya nini. Itachukua wiki kadhaa mpaka wamsahau. Hana haraka. Amepanga kuwafuata miaka yote mitatu, na baada ya hapo anataka awe ndiye anayefundisha watazamaji wapya. Ameshaanza na mumewe, ambaye anaambiwa aeleze mteja alifanya nini bila kusema mteja ni mbahili. Mume anasema biashara itakufa.

Saa sita mchana, wazazi wanajaa getini. Bibi Kiti ametoka mapema kwa mlango wa nyuma, amebadilisha nguo, amerudi na gauni la manjano linaloonekana toka mbali, mkoba kwapani, mikono haijui ikae wapi.

Kifaru anatoka anaburuta begi. Anamwona. Anasimama. Anamtazama juu mpaka chini, kisha anamzunguka, anachungulia nyuma yake kiti kiko wapi.

"Hujambo, mjukuu wangu," anasema Bibi Kiti.

Mtoto anarudi nyuma hatua moja. "Kumbe unaongea?"

"Naongea. Na wewe leo umeshindaje?"

Kifaru anaweka begi chini. Anavuta pumzi ndefu, kama mtu aliyengoja muhula mzima aulizwe, na anaanza kusimulia. Na Redio, mbele ya wazazi wote waliosimama pale, anachuchumaa amsikilize.