Kipimo cha Zizini

Siku yangu ya kwanza katika kiwanda cha maziwa Voi, mkuu wa maabara alinikabidhi laktomita, kile kipimo cha kioo kinachoelea ndani ya maziwa. Kikizama kupita kiasi, maziwa ni mepesi, na kwa kawaida mtu ameyatia maji. "Usibishane na mkulima," aliniambia. "Amini kioo." Nilimwamini, kwa kuwa yeye alikuwa na koti jeupe na mimi sikuwa nalo.

Baadaye nilipelekwa Taveta, kisha Bura, kupokea maziwa ya wakulima wadogo. Mwekezaji wetu alikuwa amewakopesha ng'ombe wa gredi, wale wa kisasa wenye maziwa mengi, kwa mkataba: maziwa yote yaje kwetu, na yakikataliwa mara tatu, ng'ombe anarudi kwa kampuni. Mkutanoni waliahidiwa pia chakula cha mifugo wakati wa kiangazi. Ahadi hiyo haikuandikwa popote. Makofi yalipigwa, soda zikanywewa, watu wakatia sahihi.

Mvua zilipokosekana, Mama Mghoi, mjane wa pale Bura, alibaki kumlisha ng'ombe wake mabua makavu ya mahindi. Maziwa yake yakakataliwa, kisha yakakataliwa tena. Alinijia analia.

"Baba, kweli mimi naweza tia maji? Hata ya kunywa nayo sina!"

Nilimsihi meneja wa ukusanyaji twende tufanye kipimo cha zizini, yaani kumkamua ng'ombe mbele ya mashahidi na kupima papo hapo. Alikubali shingo upande. Nilikamua mwenyewe. Kioo kikazama vilevile.

"Umeona, bosi? Hapa hakuna maji. Ni njaa tu."

"Nimeona," alisema. "Lakini mkataba hauulizi kwa nini. Na haya pia yamekataliwa. Hiyo sasa ni mara ya tatu."

Hasira ile sijaimeza hadi leo. Lori lilipokuja, Mama Mghoi aliomba kwanza amkamue ng'ombe, asisafiri hadi Voi na kiwele kizito. Dereva akazima injini, akamsubiri.

Sasa nimestaafu. Wawekezaji wengine wanakuja, na vijana huniletea mikataba niwasomee. Mimi hutafuta neno kiangazi. Nisipoliona nawakataza kutia sahihi, lakini wengi hutia tu, maana ng'ombe wa gredi anatamanisha.

Juzi nilipita kwa Mama Mghoi. Zizi amelifanya stoo ya kuni. Alinipikia chai ya rangi, akaniandalia kiti, kisha akaniomba radhi kwamba haina maziwa.